Kwa Nini Kisu Huwekwa Chini

Mmecheka. Bibi yenu amejifunga kamba ya katani kiunoni, amekunjua kisu chake cha mfukoni, amekiweka sakafuni makali yakimwelekea mwenyewe, na nyinyi mmecheka. Mmoja wenu kasema eti huko mjini mtu akitaka kumpa mwenzake kisu humrushia tu akidake. Sawa. Kisu kitakaa hapo hapo sakafuni na kamba itakaa hapa kiunoni mpaka mjue mlichokuwa mnakicheka. Naetwe, wewe ndiye unayekipokea, sogea mbele. Wengine nyamazeni.

Hapa milimani kulikuwa na wakati ambao kisu hakikurithiwa. Kila mwanamume alikuwa na kisu chake kidogo, kifupi kama kiganja, kimelala kwenye ala ya ngozi kiunoni. Alikatia nyama, alikatia tumbaku, alichongea mipini. Akifa alizikwa nacho, kwa sababu wazee walisema huko aendako naye atakuwa na vya kukata. Mwanamke hakuwa na kisu. Alikuwa na neno moja tu, nikatie. Nikatie kamba, nikatie ndizi, nikatie kitovu cha mtoto. Kama hapakuwa na mwanamume karibu, alisubiri.

Katika wakati huo aliishi Nakijwa, binti pekee wa Senkondo mkata kamba. Kazi ya Senkondo ilikuwa kuchukua ngozi nzima ya ng'ombe, kuiloweka, kisha kuikata kwa kuizunguka kutoka ukingoni kwenda ndani, bila kuinua kisu, mpaka ngozi yote inageuka kamba moja ndefu. Kamba zake hazikukatika. Nakijwa alikaa naye tangu utotoni akivuta ngozi huku baba akikata, na alipokua baba alimpa kisu akate yeye. Mkono wake ulitulia kuliko wa baba, na baba alilijua hilo, akalisema mbele ya watu bila wivu.

Lakini ngozi ilipokwisha, alinyosha mkono, akakichukua kisu, akakifuta, akakirudisha kiunoni mwake.

"Hiki ni chako, mwanangu," alimwambia kila mara.

"Lini, baba?"

"Kesho."

Alikuwa mtu mwema, Senkondo, msinielewe vibaya. Alikuwa tu hawezi kukiachia. Kutembea na kiuno kitupu, kumwambia mtu mwingine nikatie, yeye mkata kamba, hilo lilimshinda. Kesho zikapita, miaka ikapita, akaugua. Kitandani alisema tena kwamba kisu ni cha Nakijwa, na mkono wake ulikuwa juu ya mpini alipokuwa akisema. Akafa mkono ukiwa hapo hapo.

Kaka yake, Kiondo, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Nakijwa alimwendea wakati maiti inaandaliwa.

"Baba mkubwa, kisu kile baba alinipa."

"Alikupa lini, na nani aliona?"

"Alisema ni changu."

"Alisema," Kiondo akamjibu. "Mgonjwa husema mengi. Kisu kiko kiunoni mwake, basi ni chake. Simpeleki mdogo wangu kwa wazee mikono mitupu kwa sababu ya maneno ya homa."

Kilichomchoma Nakijwa ni kwamba mzee yule hakusema uongo. Kisu baba alimwazima wakati wa kazi tu, hakikulala kwa Nakijwa hata siku moja. Akasimama kaburini akitazama udongo ukiingia, na hasira ikamgawanyika mara mbili. Nusu ilikuwa ya Kiondo. Nusu nyingine, ile kubwa zaidi, ilikuwa ya aliyelala chini, na hasira ya namna hiyo huna pa kuipeleka. Hakulia. Watu walimsema kwa hilo.

Mwaka ukapita, masika yakarudi, na mto Hingi ukajaa. Mashamba ya ng'ambo yalikuwa yanangoja palizi, majembe yakiwa yamelazwa huko huko, hivyo wanawake walivuka kama walivyozoea. Mmoja hufungwa kamba ya ngozi kiunoni, ncha ya pili hufungwa kwenye mti wa ukingoni, anatangulia kupima maji. Siku ile aliyetangulia alikuwa Nanzia, mama yake Nakijwa, kwa sababu alikuwa mrefu. Kamba aliyofungwa ilikuwa ya Senkondo, na Nakijwa ndiye aliyeikata kwa mkono wake. Wanaume wote walikuwa mlimani kwenye pombe ya ulezi.

Nanzia alikuwa hajafika hata katikati gogo lilipokuja na maji. Lilinasa kamba, likazunguka nayo, likaanza kuivuta chini, na Nanzia akavutwa pamoja nayo. Maji ya kiunoni yakawa ya kifuani. Wanawake wa ukingoni walirukia fundo la mtini, lakini ngozi iliyolowa ikivutwa hujikaza mpaka kidole hakipati pa kuingia. Nakijwa aliingia mtoni. Alimfikia mama yake, akamshika kwapani. Kutoka pale hadi nchi kavu ilikuwa hatua saba. Mngeweza kuzihesabu.

"Nikatie," mama alisema.

Alisema neno lile lile walilokuwa wakilisema wanawake wote siku zote, na alilisema kwa utulivu, kama anaomba kipande cha nyama. Nakijwa akapeleka mkono kiunoni mwake mwenyewe. Mkono ulikwenda wenyewe, mahali ambapo kisu kingekuwa, na haukukuta kitu. Basi akainama majini, akaiuma kamba. Aliiuma mpaka fizi zikatoka damu na jino likavunjika, na kamba ile nzuri, kamba isiyokatika, haikukatika. Gogo lilizama kidogo, likazama tena kidogo, na mama yake akaenda nalo huku yeye bado kaishika ngozi kwa meno.

Wanaume walishuka wakiwa na visu vyao kiunoni, wakamtoa. Walikata kamba upande wa mtini. Ule mzunguko wa kiunoni hawakuugusa, maana mwanamke amekwisha kufa, haraka ya nini.

Kesho yake wakamzika. Walichimba kaburi lake kando ya la mumewe. Jua lilikuwa kali, watu wote wapo, Kiondo yuko mbele na fimbo yake. Mchimbaji mmoja alipoweka jembe chini apumue, Nakijwa alilichukua. Watu walidhani anataka kumsaidia kumchimbia mama yake, wengine wakaanza kumhurumia. Akalipita kaburi jipya, akasimama juu ya lile la zamani, akapiga.

Hakuna aliyemzuia. Kulifukua kaburi ni mwiko ambao hata jina hauna, na mtu akiona kitu kisicho na jina hajui akikemee kwa neno gani. Alichimba peke yake. Kiondo alimwita mara mbili, akaacha. Alichokiona alipofika chini si cha kusimulia, na yeye mwenyewe hakukisimulia mpaka anakufa. Tunachojua ni kwamba alitoka shimoni na kitu mkononi. Ala ilikuwa imeoza. Kisu kilikuwa kimeliwa na kutu pande zote, na alipokishika kwenye ncha, ncha ilivunjika kati ya vidole vyake kama ganda la mkate.

Akaenda nacho hadi kwa Kiondo.

"Tazama, baba mkubwa. Tazama alichokatia huko alikokwenda."

Kiondo akakitazama.

"Mwaka mmoja," Nakijwa alisema. "Mwaka mmoja tu mmeulisha udongo. Mimi ningekinoa kila asubuhi. Jana kingekuwa hapa." Akajigusa kiunoni. "Mama yangu alikuwa hatua saba kutoka ukingoni. Hatua saba, mzee, nami nilikuwa na meno."

Akafungua mdomo akamwonyesha.

Wazee wengine walianza kunung'unika kwamba mtoto anamkosea heshima mkubwa wake mbele ya maiti. Kiondo akawanyamazisha kwa mkono. Hapo ndipo Nakijwa alipomuuliza swali, na aliliuliza kwa sauti ya chini kabisa, wa nyuma ikabidi wasogee.

"Na hicho chako? Unakifukia lini?"

Yule mzee alikuwa na kisu cha mpini wa pembe aliouchonga mwenyewe ujanani, umelainika kwa vidole vyake, na hakuwahi kulala bila kisu kile. Akakichomoa. Akamnyoshea Nakijwa.

Nakijwa hakunyosha mkono.

"Mkono wako siugusi," alisema.

Basi wakasimama hivyo, mzee kanyosha kisu, binti kakunja mikono, na mama wa watu kalala hapo kwenye mkeka. Hakuna aliyejua kinachofuata, kwa sababu jambo hilo halikuwahi kutokea. Mwishowe Kiondo akapiga magoti, na magoti yake yalikuwa mabovu. Akakiweka kisu chini kwenye udongo, mpini kwa binti, makali kwake mwenyewe. Akainuka, akarudi nyuma hatua tatu. Wako wanaosema alielekeza makali kwake kwa kuogopa, na wako wanaosema kwa aibu. Alikuwa na haki ya vyote viwili.

Nakijwa akainama akakiokota. Watu wakarudi nyuma, wakidhani atamfuata mzee. Akaenda kwenye mkeka, akapiga magoti, akafunua sanda. Kamba ya ngozi bado ilikuwa kiunoni mwa Nanzia, imekauka, imeingia kwenye nyama. Walikuwa wanataka kumzika nayo. Akapitisha ncha ya kisu chini yake polepole, jinsi alivyofundishwa, asimkwaruze, akavuta mara moja.

"Nimekukatia, mama," alisema. Ndipo akalia.

Kile cha kutu alikirudisha shimoni kwa baba yake. "Kaa nacho basi," alimwambia, akajaza udongo kwa mikono. Msitafute msamaha hapo, haukuwapo. Alielewa vizuri kwa nini baba yake alishindwa kukiachia, alielewa kuliko mtu yeyote, na hakumsamehe.

Kiondo aliishi miaka tisa zaidi na kiuno kitupu. Akitaka tumbaku, ilimbidi aseme nikatie. Akitaka nyama, nikatie. Na aliyemkatia kila siku alikuwa Nakijwa. Hakumwamkia, hakukaa naye, alimkatia vipande vidogo vya kumfaa mzee asiye na meno, akaviacha kwenye sahani, akaenda zake. Hata Nakijwa mwenyewe alipoanza kuona mvi, kabla mkono haujatetemeka, wakati bado anakihitaji kisu, alijifunga kamba kiunoni. Akamwita mjukuu wa kike wa Kiondo, siyo wa kwake. Hakumpa mkononi, alikiweka chini. Hakuwa na kisa na binti yule, ila alisema yeye hajui njia nyingine ya kukitoa kisu, maana hiyo ndiyo aliyopewa.

Na tangu hapo, hapa kwetu, mwanamke kwa mwanamume hatembei bila kisu, hata kiwe hiki kidogo cha kukunja cha dukani. Hakuna anayezikwa nacho. Mtu hukitoa akiwa hai, watu wakiona, angali anakililia. Hukiweka chini, makali kwake. Anayepokea hukata kwanza kamba iliyo kiunoni mwa mtoaji, kisha ndipo aondoke nacho. Na mtoaji huishi siku zake zilizobaki akiwaombaomba watu wamkatie, na huwa hapendi, na haimpasi kupenda.

Mtasikia watu wakiwaambia kisu huwekwa chini ili wawili wasije wakagombana. Uongo mtupu. Huwekwa chini kwa sababu tuligombana, na ugomvi wenyewe haujaisha, tunaupokezana tu pamoja na kisu ili mtu asije akasema kesho.

Miaka hamsini na mmoja kisu hiki kimekaa kwenye mfuko wa bibi yenu. Kimekata vitovu vya baba zenu wanne. Tangu nikiweke hapo chini mfuko ni mwepesi, mkono umeingia humo mara tatu kukitafuta, na nyinyi mmecheka.

Haya Naetwe. Inama ukiokote. Usiuguse mkono wangu.

Nikatie.