Mafiga ya Barabara ya Kambini

Waraka Namba 9 wa Utaratibu wa Kuondoa Vitu Visivyo Karatasi katika Ghala la Kumbukumbu, Toleo la Pili Lililorekebishwa. Hilo ndilo jina la jambo lenyewe. Toleo la kwanza lilirudishwa kwa sababu mhuri wake ulikuwa umepigwa kichwa chini.

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo wa ghala hilo. Aliitwa Yonathani Shemdoe, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kufungua mlango asubuhi, kufagia, kukagua vilivyomo na kufunga jioni. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, ndugu zangu, kwa sababu mkifika mwisho mtautafuta ubaya wake na hamtauona.

Ndani ya ghala, pamoja na mafaili, mlikuwa na mawe arobaini na moja. Yalikuwa mafiga. Zamani kidogo, serikali ilipokuwa ikipeleka vijana vitani ng'ambo ya mto kwa malori, wanawake arobaini na mmoja wa mji ule walitoka asubuhi moja, kila mmoja na figa moja la jikoni kwake, wakayapanga mawe hayo kukata barabara ya kambini. Hawakuimba, hawakubeba mabango. Walikaa chini kando ya mawe yao. Majumbani yalibaki mafiga mawili mawili, na kwa siku tatu hakuna chungu kilichotelekwa. Malori yangeweza kupita. Jiwe la jikoni si kizuizi kwa tairi la lori. Lakini hakuna dereva aliyekubali kukanyaga figa lililompikia mtu uji. Wa kwanza alizima injini, na waliomfuata wakazima. Siku ya nne wakubwa wa pande zote mbili walikubali kukaa mezani. Vitabu vya serikali vinasema waliongozwa na busara zao.

Mtu mmoja aliyeona mbali, na ambaye hakukumbuka kuandika jina lake mwenyewe, aliyakusanya mawe yale akayapeleka ghalani. Kila moja alilifunga kamba ya katani yenye kikaratasi: jina la mwanamke, kitongoji chake, na jina la mwana aliyekuwa ndani ya lori siku ile.

Sasa waraka ulisema hivi. Kitu kisicho karatasi, kikiwa na jina la mwenyewe, kitabaki, na orodha ya majina itapelekwa kwa ofisi inayohusika kabla ya Ijumaa. Kisicho na jina kitaondolewa. Waraka haukutaja ni ofisi ipi inayohusika, na hakuna aliyeuliza. Redio ilikuwa imeanza tena kuitaja ng'ambo ya mto mara mbili kwa siku, na kambini malori yalikuwa yakipakwa grisi.

Shemdoe aliusoma waraka mara nne. Chai yake ikapoa, akainywa hivyo hivyo. Aliwaza habari ya wanawake wale, kumi na tisa walio hai bado, wamekaa majumbani mwao na majina yao yamepangwa vizuri kwenye meza ya mtu wasiyemjua. Kila gari lililopunguza mwendo nje ya dirisha lilimfanya ainuke kitini. Jumanne mchana, wenzake walipokwenda kula, alizikata kamba zote arobaini na moja, akavitia vikaratasi mfukoni, akavichoma katika jiko la mama muuza chapati. Alirudi kazini akijisikia mwepesi. Alikuwa amewaokoa watu kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Kwa hiyo Jumatano alikwenda kumjulisha mmoja. Alikuwa Nakijwa Mbwambo, mkubwa wao kwa umri, ambaye siku ile ya kwanza aliweka jiwe lake kabla ya wengine. Alimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, Shemdoe. Huko ofisini hamlishwi?"

"Tunalishwa nyaraka, mama."

Mama akacheka kidogo, akamsogezea kigoda. Shemdoe akamweleza habari yote, kwa sauti ya chini, akiangalia njiani: waraka, orodha, jiko la chapati. Alipomaliza alingoja kushukuriwa. Nakijwa aliendelea kuchagua mchele mpaka akafika ukingo wa ungo.

"Jina langu niliweka barabarani mchana, watu wakiona," akasema. "Nani amekutuma ulifiche?"

Kisha akamwambia jambo ambalo Shemdoe hakulijua. Mjukuu wake Elieza, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa ameitwa kambini mwezi uliopita na kukabidhiwa lori. Elieza hakupata kuambiwa habari ya mafiga. Alizaliwa baadaye, na shuleni walisomeshwa habari ya meza na busara. Kesho, Alhamisi, alikuwa na ruhusa ya siku moja. Bibi yake alitaka kumleta ghalani alione lile jiwe, alishike, kabla hajatumwa popote. Kikaratasi hakikumpa shida. Figa lake alilijua; lilikuwa na bonde upande mmoja, mahali chungu kilipoegemea miaka thelathini.

Shemdoe aliondoka na hofu mpya juu ya ile ya zamani. Alikuwa amekwisha kuelewa alichokifanya. Mawe yasiyo na majina hayakuwa tena kumbukumbu. Yalikuwa mawe.

Alhamisi walikuja mapema, bibi kwa kanga iliyopigwa pasi, kijana kwa sare, kofia mkononi. Wakakaa kwenye benchi la koridoni. Shemdoe aliwasalimu, akatoka jasho. Kifungu cha sita cha waraka kilisema ghala lililo katika zoezi la uondoaji halitafunguliwa kwa wageni bila kibali. Basi akaandika barua ya kuomba kibali, akaipeleka ghorofani. Mwenye kutoa kibali alikuwa kwenye kikao cha kujadili toleo la tatu.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mlango ulikuwa hatua kumi na nne kutoka kwenye benchi. Alikuwa amezihesabu kwa miaka, akifagia. Saa nne aliugusa ufunguo. Saa sita aliugusa tena, akaenda ghorofani, akaambiwa kikao kimefika kwenye mengineyo. Saa nane Nakijwa aliutazama ule mfuko, akamtazama usoni. Shemdoe akajifanya anatafuta faili.

"Ni jiwe la namna gani, bibi?" Elieza aliuliza.

"Ukiliona utalijua."

"Si uniambie tu?"

"Nikikwambia itakuwa hadithi ya bibi. Nataka ulione."

Saa tisa na nusu ofisi ikafungwa. Elieza alitakiwa kambini kabla ya jua kuzama. Alisimama, akavaa kofia, akampa Shemdoe mkono kwa adabu. "Tutakuja siku nyingine, baba," akasema. Shemdoe akaitikia kwamba karibuni sana, siku yoyote ya kazi.

Kibali kilitoka Ijumaa saa nne, chenye mihuri miwili, yote imesimama wima. Lori la kazi za barabara lilikuwa limekwisha kupakia tangu saa mbili. Ghalani ulibaki mkasi uliokatia utepe siku ya kufunguliwa choo cha stendi, kwa kuwa ulikuwa ndani ya sanduku la kioo, na juu yake limechorwa jina la mheshimiwa aliyeushika.

Nanyi mliokabidhiwa funguo, mnaoyafungia mambo ya watu ili yasiwadhuru: siku mwenyewe akija kukaa kwenye benchi lenu na kusema, nionyesheni nilichokifanya, mtangoja kibali cha nani?

Taarifa ya ofisi iliandika kwamba utekelezaji wa Waraka Namba 9 umekamilika kwa asilimia mia moja. Kilichotokea ni hiki. Mafiga arobaini na moja yalisagwa kokoto, na kokoto zikafukia mashimo ya barabara ya kambini. Jumatatu asubuhi malori yalitoka kuelekea mtoni. La kwanza liliendeshwa na Elieza. Halikusimama.