Vifaa vya Kudumu

Makamu Mkuu wa Chuo aliamini mhandisi hupikwa kwa chaki tu, hivyo maabara ya Dk. Tumsifu ilikuwa tupu kabisa. Wakaguzi wa ithibati walipokaribia kuja, akamwita.

"Azima mashine popote, sitaki kujua umezitoa wapi. Tukinyimwa ithibati, kazi huna."

"Nimekuelewa, Mkuu."

Wakaguzi wakakuta jenereta, pampu ya maji na viyoyozi, vyote matumbo wazi kwa mafunzo.

"Vya kuazima hivi?"

"Vya idara, tena vya kudumu!" Mkuu akaapa bila hata kuvitazama.

Ithibati ikatoka. Jioni Mkuu alikuta nyumba yake ina giza, joto na bomba kavu.

"Si ulimwagiza Tumsifu avichukue?" mkewe akashangaa.

Akapiga simu akifoka. "Rudisha vitu vyangu!"

"Vyako, Mkuu? Niwaambie wakaguzi hivyo?"