Vigingi vya Utepe Mwekundu

Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeperusha vumbi jekundu juu ya mabua ya mtama, huko Hombolo, watafiti wa mambo ya kale walipoingia katika shamba la Anyesi. Reli mpya ingepita hapo, nao walitakiwa kuichunguza ardhi kabla ya tingatinga kufika. Walifunga kamba, wakachimba mashimo ya mraba, wakachekecha udongo kama watu wachekechao unga. Anyesi aliwatazama asielewe. Mtu mwenye akili timamu huchekecha vumbi?

"Shikamoo, mama," alisema kiongozi wao, Gaudence. "Tunatafuta mabaki ya watu wa zamani. Una neno au swali lolote?"

"Marahaba, mwanangu. Sina."

Alikuwa nalo. Kando ya kichaka cha miiba alikuwa amezikwa mwanawe wa kwanza, aliyefariki kabla ya kupewa jina. Kaburi halikuwa na alama, na tangu mumewe afariki, hakuna mwingine aliyelijua.

Siku chache baadaye, alikuta vigingi vya utepe mwekundu vimekizunguka kichaka kilekile. Badala ya kuwauliza wenye kazi, alimuuliza jirani yake, Seth.

"Nyekundu ni ya kubomoa," Seth alijibu kwa uhakika. "Hukuziona nyumba za barabarani zilivyopigwa alama? Na mifupa wakiipata, wanaipeleka mjini, inawekwa kwenye makabati ya vioo."

Anyesi alirudi shambani, akang'oa vigingi vyote na kuvitupa korongoni.

Tingatinga lilipoanza kunguruma, alikuwa nyumbani akisonga ugali, ametulia kama maji mtungini, akiamini kwamba bila vigingi kichaka hakitaguswa. Mngurumo ulipozidi kukaribia, alitoka mbio, mwiko mkononi.

"Simama! Simama!"

Dereva alisimama, lakini kichaka kilikuwa kimekwisha kung'olewa na udongo umepinduliwa. Gaudence alifika akihema.

"Vigingi viko wapi?"

"Nimeving'oa mimi."

"Mama! Vile ndivyo vingemkataza dereva asipite. Tulipata vigae vya vyungu vya kale pale, tukaagiza pasiguswe."

Anyesi alimkodolea macho. "Nyekundu maana yake... pasiguswe?"

"Ndiyo. Kwani palikuwa na nini?"

Alimweleza, sauti ikikatikakatika. Gaudence alivua kofia.

"Pole sana, mama. Ungetuambia, tungemhamisha mtoto kwa heshima, wewe ukiwapo. Nionyeshe mahali penyewe, tutamtafuta."

Anyesi alipiga hatua, akasimama. "Ni hapa." Akageuka, akarudi nyuma. "Hapana. Ni pale." Akasogea tena, akaangaza huku na huku. Bila kichaka, udongo wote ulifanana. Aliinama, akachota konzi moja, asijue kama amemshika mwanawe au ameshika vumbi tupu. Jua la adhuhuri liliwaka juu ya shamba zima, naye hakuona pa kuelekea. Hakika, usilolijua ni kama usiku wa giza.