Mazoea si Kinga

Mazoea si kinga. Mmemsikia Mama Atupele akiusema msemo huo asubuhi alipokuwa akiwagawia kondomu, na sasa mnaniuliza ulitoka wapi. Ulitoka chumba cha nne cha safu hii hii, wanangu, na chanzo chake ni hiki.

Hapa mpakani malori hukaa foleni siku tatu, nne, na sisi tuliishi kwa pesa za madereva. Aliyetufundisha kazi ni Tusekile. Mteja akiingia, Tusekile aliweka kondomu mezani kabla hajamkaribisha kiti. Akikataa, alimfungulia mlango.

"Msigombane naye," alituambia. "Sema mara moja, kisha nyamaza. Anayetaka atavaa. Asiyetaka, njia anaijua."

Kuna mlevi aliwahi kumkaba koo kwa sababu hiyo. Tuliingia sote na michi, akakimbia bila viatu. Hata siku ile Tusekile hakulegea.

Kisha akaja Ombeni, dereva mpole, mtu wa maneno machache. Kwa miaka miwili hakupita mpakani bila kufikia kwake. Tusekile alipougua malaria, alimuuguza. Alimnunulia mama yake Tusekile mabati ya nyumba. Tusekile akaanza kumpikia.

Mchana mmoja wa mvua, Ombeni aliiona pakiti mezani, akaisukuma pembeni.

"Mpaka leo, Tuse? Mimi bado mteja?"

"Ulipima lini?"

"Kwani unaniona naumwa? Sema tu huniamini, nijue."

Tusekile alinisimulia baadaye kwamba wengine walimtisha, akawaweza. Huyu alihuzunika, na kwa huzuni hakuwa amejiandaa. Akaiondoa pakiti.

Miezi saba baadaye alipima, akakutwa na virusi. Alimfuata Ombeni kwenye lori lake, nami nikamsindikiza.

"Ulijua?"

Ombeni aliendelea kukaza kamba ya turubai. "Tangu mwaka juzi. Dawa niliziacha. Wenzangu wangeziona garini."

"Na mimi je?"

"Ningekuambia, ungenifukuza."

"Ningekuvalisha kondomu, Ombeni. Basi."

Tusekile hakulia mbele yake. Kesho yake wasichana wapya walikuja kufundishwa, akakaa nao kama kawaida. "Wageni wasiotaka kuvaa niliwakatalia wote," akawaambia. "Aliyeniambukiza namjua mpaka jina la mama yake. Mazoea si kinga." Akainuka, akaingia ndani, na hakufundisha tena. Yuko hai, dawa anameza, lakini alirudi kwao na huku hataki hata kukusikia.

Wiki mbili zilipita, Ombeni akapiga hodi kwangu.

"Enelesi, sisi tunajuana siku nyingi," akasema.

Niliweka kondomu mezani. "Mazoea si kinga," nikamjibu.

Hakubishana. Alitoka akaenda mlango wa mwisho, kwa binti aliyekuwa amefika Jumatatu, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Niliusikia mlango ukifunguliwa. Ningeweza kwenda. Nilijiambia yule ni mtu mzima, ana macho yake, nikaendelea kukunja nguo. Binti huyo tulimzika mwaka wa tatu baadaye, na mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu kwamba nilisikia.

Ndiyo hivyo, wanangu. Mgeni mtamwogopa bila kufundishwa. Huyo mtakayempikia ndiye ninayewaonya juu yake. Mazoea si kinga.