Mize na Programu ya Vipande

Palikuwa na Sultani aliyependa mashine kuliko watu, jina lake Makame. Siku moja akatoa amri: mgonjwa haingii zahanati bila kuwa na programu ya zahanati kwenye simu yake. Programu yenyewe bure. Lakini kutolewa ikiwa tayari? Thubutu! Ilitolewa vipande vipande, na kila raia aiunde mwenyewe, ajibu maswali ya mashine hadi mashine iridhike. "Sitaki raia wa kudekezwa," akasema.

Sasa mjini alikuwako Mize, mama kijana, na mwanawe Raya ana kikohozi kinachomtikisa kifua kizima. Mize alimaliza kidato cha nne, na somo la kompyuta alilisoma. Maana yake, alikuwa na zamu ya kuifuta vumbi. Akaketi na simu yake. Ikamwuliza: faili ziwekwe wapi? Akaandika: juu ya kabati, mtoto asizifikie. Zikatoka herufi nyekundu. Mize akaiomba radhi. Ikauliza tena, akajibu tena, nyekundu zikazidi, simu ikazimika kabisa, nadhani kwa hasira.

Zahanati wakamrudisha mlangoni. Basi akamfunga Raya ubavuni kwa kanga, akaenda barazani kwa Sultani.

"Sema!" akaamuru Sultani.

"Shikamoo Mtukufu, mimi sijui kitu, shule nimekwenda ila haikuniingia, mashine inaniuliza mambo ya ndani kwake na mimi hata ya ndani kwangu yananishinda, mtoto anakohoa, naomba tu mafundi waiunde wao, tupewe imekwisha, nibonyeze mara moja niingie kwa daktari, basi, nimemaliza, usinifunge."

Baraza zima likacheka. Mize naye akacheka, kwa woga.

"Vipande umepewa vyote?"

"Vyote, Mtukufu."

"Kuna kilichopungua?"

"Akili yangu tu."

"Na maelekezo umesoma?"

"Nimesoma. Yanasema kwanza nisome maelekezo mengine."

"Mvivu mkubwa wewe! Una kila kitu mkononi, unalia huna kitu! Lete hiyo simu nikuoneshe."

Sultani akainama. Raya akaona ncha ya kilemba inaning'inia mbele ya pua yake, na kikohozi hakikuwa kimemnyima nguvu za mikono. Akaidaka. Sultani akashtuka, akainuka ghafla, na kilemba kikafumuka chote, hariri na zari, mpaka sakafuni. Kipara kikang'aa. Na mlangoni wageni kutoka nchi jirani wameshaanza kuvua viatu!

Mize akajishika shingo, kuona kama bado ipo.

"Mwiteni mfunga vilemba!" akanguruma Sultani, viganja kichwani. "Upesi!"

Hapo mdomo wa Mize ukamtoroka mwenyewe.

"Wa nini tena, Mtukufu? Kitambaa si kipo chote?"

"Kipo!"

"Kimepungua hata uzi?"

"Hakikupungua! Lakini sijui kukifunga! Tangu nikalie kiti hiki nafungwa na watu!"

"Usijali, ni rahisi, mimi nitakuuliza tu, wewe utajibu. Mkunjo wa kwanza uende kulia au kushoto?"

"Sijui."

"Ncha ibaki urefu gani?"

"Nitajuaje?"

"Umejibu vibaya, tuanze upya. Kichwa chako ni toleo gani?"

"Wewe mwanamke!" Sultani akapiga mguu chini, huku wageni wanabisha hodi. "Sikuomba kujua kilemba kinavyofungwa! Mimi nataka kukivaa tu!"

"Basi mwite mfungaji wako, Mtukufu," akasema Mize, akiitoa ncha ya hariri mkononi mwa Raya, "na sisi utuitie wetu."