Suti ya Mtukufu

Mtukufu alikuwa mfupi, hata kushuka garini aliwekewa kigoda. Lakini redio iliimba kila asubuhi kwamba kimo chake kinaipita minazi, na aliyebisha alilala rumande.

Siku moja katibu wake, Bwana Lukwaro, aliingia kwa Fundi Tindwa na askari wawili.

"Mtukufu anataka suti ya kaki Ijumaa. Hulipwi. Ukishindwa, cherehani naichukua."

"Nitashona, mzee. Nikampime lini?"

"Umpime Mtukufu? Una wazimu?"

"Basi nitajie kimo chake, nijue kitambaa."

Lukwaro aliwatazama askari. Askari wakamtazama yeye.

"Kwani redio huna?"

"Ninayo, mzee. Niletee majora ishirini, minazi si mchezo."

Majora yakaletwa. Tindwa, aliyekwisha kukiona kile kigoda, akashona suti, nayo ikamkaa Mtukufu sawasawa.

Jumatatu Lukwaro akakuta watoto wa mtaa mzima wamevaa kaptula mpya za kaki. Akamvamia fundi, askari wale wawili nyuma yake.

"Mwizi wewe. Umeiba kitambaa kilichobaki. Leo cherehani inaondoka, nawe unaondoka nayo."

"Kitambaa kibaki, mzee, kwa kimo kile?" Tindwa akakata uzi kwa meno. "Haya, watajie hawa askari urefu wa Mtukufu, kisha tupige hesabu ya kilichobaki."

Askari wakasogea wasikie vizuri.

Lukwaro akakohoa. "Kaptula hizo," akasema, "ni zawadi ya Mtukufu kwa watoto."

"Nilijua tu, mzee. Na mama zao atawavika lini?"