Tembo Alivyofundisha Takataka

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa sare na kuwahi mstarini asubuhi, palikuwa na shule moja katika Bonde la Mifenesi. Mkuu wa shule alikuwa Nyati. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa Kindi, mdogo hata chaki ilimjaa mkononi.

Nyati alijua kufundisha kwa njia moja tu: yeye anataja, watoto wanaitikia.

"Mbili mara tatu?"

"Sitaaa!"

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Hawakuelewa hata chembe. Lakini nani aseme hapana mbele ya pembe zile?

Kwa Mwalimu Kindi mambo yalikuwa mengine. Watoto walijumlisha kwa vifuniko vya soda, wakagawana magunzi ya mahindi, wakapima uwanja kwa kamba ya katani. Kelele tupu, vicheko tupu! Na hesabu ziliwaingia, jamani, mpaka wakawa wanawafundisha mama zao jikoni.

Asubuhi moja Nyati akaingia, pu! pu! pu! Akalipiga teke kapu la vifuniko. Parararaa!

"Mwalimu Kindi, hili ni darasa au jalala? Mkaguzi anakuja leo. Takataka hizi nazichoma mbele yake, na watoto hawa nawachukua mimi. Wewe katafute vibarua vya kubangua karanga!"

Watoto wakanywea. Mtoto wa Ngiri akaangua kilio. Kindi aliona hasira inampanda mpaka masharubuni, maana zana zile alizikusanya kwa meno yake mwenyewe, moja moja. Akasimamisha mkia.

"Kuchoma utachoma, Mkuu. Kuninyamazisha, thubutu!"

Sasa, bonde lile lilikuwa na desturi yake. Somo likifundishwa na mkaguzi mwenyewe mbele ya watoto, linakuwa somo la mfano, na shule zote hulifuata. Kindi akaikumbuka desturi hiyo, akatabasamu peke yake.

"Hodi!"

Alikuwa Mkaguzi Tembo, kaujaza mlango wote.

"Shikamoo, Mzee Mkaguzi!"

"Marahaba, wanangu."

Nyati akatoa kiberiti. Kindi akaruka mbele yake, chupu!

"Mzee, mimi mwenyewe nataka zichomwe. Ila zihakikiwe kwanza. Kesho watasema Kindi kaficha nusu."

Tembo alipenda kuhakiki kuliko kula.

"Umenena! Mali ya shule haichomwi bila kuhakikiwa."

"Lakini zimechanganyika, Mzee. Utaweza kweli?"

"Nisiweze? Unanifundisha kazi? Watoto, njooni! Vifuniko huku, magunzi kule. Pangeni mafungu ya kumi kumi!"

Watoto wakamiminika. Tembo akachuchumaa, gwaa! Mkonga ukawa hautulii.

"Vimebaki vingapi?"

"Vitatu!"

"Nani kasema? Njoo unionyeshe."

"Na kamba hii, Mzee?" Kindi akauliza kwa upole. "Sijui ina kazi gani."

"Ya kupimia!" Tembo akaizungusha kwenye tumbo la Nyati. "Mkuu wenu ni kamba moja na nusu. Nipimeni na mimi!"

"Mbili na robo!"

"Nimemzidi ngapi?"

"Robo tatu!"

Kwa kwa kwa! Tembo alicheka mpaka madirisha yakatikisika. Mara kengele ikalia, ng'a! ng'a! ng'a! Kindi akarukia juu ya meza.

"Watoto, simameni! Mshukuruni Mzee Mkaguzi kwa somo la mfano!"

"Ahsante, Mzee, kwa somo la mfanooo!"

"Somo gani?" Nyati akanguruma. "Umechezewa akili, Mzee! Hizo ni takataka!"

Tembo akakitazama kifuniko alichokishika, kisha akamtazama Kindi. Akaelewa. Kindi naye hakuinamisha macho hata kidogo.

Tembo akageuka polepole.

"Mkuu Nyati, unasema mimi, mkaguzi wa bonde zima, nimefundisha takataka?"

"La, Mzee... mimi nilikuwa..."

"Rudisha kiberiti mfukoni. Kesho nataka kuona vifuniko darasani kwako."

Basi kesho yake Nyati alionekana nyuma ya duka, pembe zimeelekea chini, akiokota vifuniko vya soda, na watoto wa darasa la nne wakimhesabia kwa sauti.

Nanyi mkumbuke, wanangu: nguvu huziba mlango, akili hupita dirishani.